Maji ya Usiku

Kila asubuhi, kabla wagonjwa wa nje hawajaanza kupanga foleni, Qali alichemsha mabomba ya sindano. Alitia mafuta ya taa kwenye stovu, akapampu mpaka moto ukaacha kuyumba na kugeuka buluu, akateleka sufuria, kisha akayatumbukiza mabomba ya kioo moja moja, na sindano zenyewe akazifunga kwenye kitambaa zisigongane. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda na kungoja. Huo ndio ulikuwa muda pekee wa siku ambao hakuna mtu aliyemwita. Mara nyingi alikuwa hajalala vya kutosha, maana mwaka ule wa vita kati ya jeshi na waasi mji wa Garissa ulilala kwa kushtukashtuka, kila mtu akisikiliza usiku una nini. Basi alipumzikia pale, macho wazi, akiyasikiliza maji yakianza kuimba.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa ndiyo kwanza yaanze kutoa mapovu, lori la jeshi lilipoingia uani kwa kasi na kufunga breki chini ya dirisha. Vumbi likaingia hadi ndani ya sufuria.

"Nesi! Toka nje, nesi!"

Qali alizima stovu. Kazi yote ingeanza upya.

Nyuma ya lori alikuwa amelazwa mzee mmoja, amejikunja magoti yakigusa kidevu. Kikoi chake kilikuwa na damu kuanzia kiunoni hadi mapajani. Koplo aliyekuja naye, kijana wa bara mwenye macho mekundu ya kukesha, aliruka chini.

"Tumemkuta nje ya ua wa kijiji kabla hakujapambazuka," alisema. "Ana damu, na sisi usiku huu hatukufyatua risasi hata moja. Sasa nataka daktari aniambie nani amempiga, na alikuwa wapi akapigwa."

"Hakuna risasi, afande," mzee alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kufumbua macho. "Ni tumbo. Tumbo kibaya sana."

"Tumbo gani hilo linavuja damu kwenye nguo?"

Qali aliitambua sauti kabla ya uso. Akapanda kwenye tairi na kuinamia ndani.

"Adeer!"

Mzee alifumbua jicho moja. "Adeer," alijibu. Ndiyo desturi ya Wasomali: mtoto humwita ndugu wa baba yake adeer, naye humrudishia jina lilelile, kana kwamba wameazimana.

Koplo alimtazama Qali upya, kuanzia shungi hadi viatu. "Unamjua?"

Siku zile swali hilo halikuwa dogo. Kumjua mtu kuliweza kumwokoa yeye, na kuliweza kukuzamisha wewe.

"Ni ndugu wa baba yangu," Qali alisema, sauti ikimtoka ndogo kama kawaida yake. "Anaitwa Kulow. Ndiye aliyenilea."

Daktari Lobo alikuja na malapa miguuni, hajanyoa ndevu. Usiku mzima alikuwa kwenye wodi ya wazazi. Alimgeuza Kulow upande huu na ule, akapapasa mgongo, akabonyeza chini ya mbavu. Mzee akauma kitambaa asipige kelele. Kisha daktari akamwita koplo karibu.

"Tafuta tundu la risasi wewe mwenyewe. Ukiliona niambie."

Koplo alitafuta kwelikweli, akainua hata kwapa. Hakuona kitu.

"Damu inatoka na mkojo," daktari alisema. "Ana jiwe kwenye figo."

"Jiwe?"

"Jiwe."

Koplo alicheka kidogo, nusu yake ikiwa ahueni. "Nchi hii, hata ndani ya watu kuna mawe," alisema. Akavaa kofia, akaondoka na lori lake, na Qali hakuulizwa tena anamjua nani.

Mzee alichomwa sindano ya maumivu. Mchana, jiwe likatoka. Mhudumu alilileta ndani ya chupa ya mkojo, kitu kidogo kama punje ya mtama, rangi yake ya manjano iliyofifia, kama nta. Wengine wangelitupa. Daktari Lobo alilipindua juu ya kipande cha pamba, akaguna, kisha akadondosha tone la ule mkojo kwenye kioo, akaketi kwenye hadubini. Alikaa hapo muda mrefu mpaka Qali akadhani amesinzia.

"Njoo uone," alisema hatimaye.

Qali aliweka jicho. Kwenye uwanja wa mwanga vilielea vibamba vyembamba, safi, visivyo na rangi, kila kimoja na pembe sita zilizo sawa kabisa, kama vyumba vya sega la nyuki. Vingine vilikuwa vimelaliana. Hakutegemea kwamba kitu kilichomkunja adeer yake namna ile kingekuwa kizuri.

"Hii ni sistini," daktari alisema. "Miaka yangu yote ya kazi nimeiona mara mbili, na mara moja ilikuwa kitabuni."

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kuna watu ambao uchovu huwafungua mdomo. Alivua miwani, akaegemea ukuta na kumweleza. Watu hudhani figo ni chujio, alisema, kwamba inashika kizuri na kuachia kibaya. Sivyo. Figo kwanza humwaga nje karibu kila kitu kidogo kilichomo kwenye damu, kizuri na kibaya pamoja: chumvi, sukari, na asidi amino, zile chembe ambazo mwili hujengea nyama yake. Vyote hutupwa kwenye vifereji vyembamba kuliko unywele. Halafu, kando ya vifereji hivyo, kuna wachukuzi. Kila mchukuzi anawajua wake. Huwashika mmoja mmoja na kuwarudisha ndani, mpaka mwisho wa kifereji, kwenye mkojo zinabaki asidi amino chache mno, chembe za kuhesabika.

"Na kwa mzee huyu?" Qali aliuliza.

"Mzee huyu mchukuzi wake mmoja amezaliwa kilema. Huyo ndiye hubeba asidi amino nne, na hizo nne hazirudi. Tatu huyeyuka majini, zinakwenda zake bila madhara. Ya nne, hii sistini, maji haiyapendi. Mkojo ukiwa mchache, chembe zake zinashikana. Ndilo jiwe."

"Kitu kidogo kiasi hicho."

"Ukikusanya anachopoteza kwa siku nzima, hakijai kijiko cha chai. Na kinaweza kumwua."

Qali aliendelea kutazama zile pembe sita, lakini mawazo yalikuwa yamekwenda kwingine. Mwezi uliopita mtaa wao ulikuwa umefanyiwa msako. Askari waliwatoa watu wote majumbani, wenye hatia na wasio nayo, wagonjwa na wanaonyonyesha, wakawakalisha uwanjani. Kisha wakaanza kuwarudisha mmoja mmoja, kila aliyepata mtu wa kusema namjua huyu, ni wa hapa. Jua lilipofika utosini uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa mwanamume mmoja kutoka mji wa Diff aliyekuja kuuza ngozi. Hakuwa na ubaya wowote ulioonekana. Hakuwa na wa kumtaja tu. Alikuwa amechutama palepale alipowekwa, akichora mchanga kwa kidole. Qali alifunga dirisha, na hakujua mwisho wake.

"Ugonjwa huu ni wa ukoo," daktari alikuwa akisema. "Kuna mwingine kwenu?"

"Baba yangu." Alitafuta maneno. "Nilikuwa mdogo. Mkojo ulifunga, akavimba, akafa."

Daktari alivaa miwani tena. "Basi nisikilize vizuri, maana dawa yenyewe ni maji. Nitampa na unga wa magadi, lakini dawa ni maji. Anywe mchana, na anywe zaidi usiku. Usiku ndio wenye hatari, mkojo unalala na kuwa mzito. Anywe kabla ya kulala mpaka aamshwe na mkojo, akikojoa anywe tena. Autazame asubuhi: uwe mweupe kama maji. Mwambie yote hayo. Usifupishe."

Yarrow, dresa wa kufunga vidonda, mwanamume pekee pale aliyejua Kisomali, alikuwa amehamishiwa mbali, Griftu. Kazi ikamwangukia Qali.

Sasa, mtu asiyelelewa kule hawezi kuona ugumu uko wapi. Qali alikuwa amesomea uuguzi Nairobi. Kule chuoni alisema mkojo na kukojoa tangu asubuhi hadi jioni, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na maneno hayo yalikuwa kama glavu, unashika chochote bila kuchafuka. Kwa Kisomali hakuwa na glavu. Alikuwa amekulia kwenye kibanda cha adeer Kulow, na kama wasichana wote alifundishwa kwamba ukienda haja uzunguke mbali, upitie upande wa mbuzi kana kwamba unamtafuta mwanambuzi aliyepotea, ili mwanamume mzima asijue hata unakokwenda. Naye adeer alifanya vivyo hivyo. Katika miaka yote ile hakuna neno la namna hiyo lililowahi kupita kati yao.

Alisimama kando ya kitanda. Kulow alikuwa ameketi, uso umerudi rangi yake, ndevu zake zenye hina zimechanwa.

"Haya, adeer, wamenihukumu nini?" aliuliza.

Qali alianza na sehemu iliyo rahisi. Alimweleza habari za vifereji na wachukuzi, kwamba kila kitu hutolewa nje kwanza kisha hurudishwa, na kwamba kuna mmoja asiyemtambua wake.

Kulow alimsikiliza kwa makini sana. "Kumbe hata ndani ya tumbo langu wameweka askari wa kukagua watu," alisema, akacheka huku amejishika ubavu. "Wallahi, serikali hii! Na huyo anayebaki nje, hana ukoo?"

"Ana ukoo, adeer. Hajulikani tu."

"Ndiyo maana amekasirika akawa jiwe." Akajifuta machozi ya kicheko. "Na dawa?"

"Unywe maji kwa wingi. Na unga huu, kijiko kwenye kikombe."

"Maji. Mchana?"

"Wakati wote."

"Wakati wote," Kulow alirudia. Kisha akamtazama, kama mtu anayejua kwamba mazungumzo hayajaisha. Qali aliinama akachomeka shuka ambalo lilikuwa limechomekwa tayari.

"Umemwambia yote?" daktari aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, daktari," Qali alisema.

Kesho yake Kulow akarudishwa kijijini, ndani ya ule ua wa miiba ambamo serikali iliwakusanya wafugaji na kuwalinda kwa askari, kwa kuwa kitanda kilitakiwa. Daktari alimwomba afisa wa pale amruhusu mke wa mzee kuchota debe la pili mtoni, na afisa, jambo la kushangaza, akakubali. Qali akajiambia kwamba mambo yamekaa sawa. Mtu akiambiwa wakati wote, si usiku umo?

Siku zikapita, zote zikifanana. Majeruhi waliletwa, wengine wamevaa sare, wengine vikoi, na damu zao zilifuliwa kwenye beseni moja. Dawa zilizotakiwa kuja na msafara wa Jumatatu zilikuja Ijumaa, au hazikuja. Qali alifika nyumbani jioni akalala bila kuvua viatu. Mara nyingine, akiwa katikati ya kufunga bendeji, alimwona adeer akimtazama vile, akingoja, na moyo ukamwuma. Kisha mtu akamwita, akaenda.

Mke wa Kulow, Saynab, alikuja hospitalini siku wanawake wa kijijini walipopewa ruhusa ya kuingia mjini. Qali alimkuta uani, upande wa jikoni, ameketi na Shamso mfagiaji, ambaye alijuana naye tangu enzi za malishoni.

"Umekonda, Saynab," Shamso alikuwa akisema. "Umebaki sauti tupu."

"Sauti ndiyo pekee hawajaiwekea ua wa miiba. Nipe chai, acha maneno."

"Chai haina maziwa."

"Nani kakuuliza maziwa? Maziwa niliyaaga Liboi, kule kwa ngamia, nikayapa na mkono wa buriani."

Alipomwona Qali akaweka kikombe chini. Hakumsalimu kwa kirefu kama ilivyo desturi, na hilo peke yake lilimtia Qali hofu.

"Mume wangu hanywi maji," alisema.

"Lakini, eddo," Qali alisema, akimwita kama shangazi, "si mlipewa debe la pili?"

"Debe limejaa, limekaa linanitazama. Asubuhi anakunywa vikombe viwili vitatu. Adhuhuri ikishaswaliwa anaufunga mdomo kama mtu wa Ramadhani. Chai ya magharibi haigusi. Nimemgombeza, nimemlilia. Juzi kikoi kimeanza damu tena."

"Kwa nini lakini?"

Saynab alimtazama kwa macho makavu. "Mwenye cheti ni nani hapa, wewe au mimi? Kule tulikokuwa na ngamia, usiku alikunywa maziwa chombo kizima. Anaamka, anachukua fimbo yake, anatembea mpaka nyuma ya ngamia wa mwisho, anarudi, analala. Mawe yalimsumbua mara moja, yakamsahau miaka. Sasa aende wapi? Vyoo vimechimbwa nje ya ua, na lango linafungwa jua likizama. Ile asubuhi aliyoletwa hapa alikuwa amepenya miibani kutafuta mahali, maana hakuweza tena kuvumilia. Nusura apigwe risasi kwa ajili ya haja ndogo! Na ndani ya kibanda tumelala sote: mimi, Arbia binti yake, wajukuu. Basi amekata shauri. Anajikausha."

"Ungemwambia wewe, eddo. Wewe ni mkewe."

"Nimemwambia! Mke akisema neno hilo huwa ni ugomvi wa nyumbani. Unajua anavyonijibu? 'Qali amesoma. Ingekuwa lazima, Qali angesema. Aliniambia ninywe, hakusema habari za usiku.' Ndivyo anavyosema, kila siku." Saynab alikichukua kikombe chake. "Sikulaumu, mwanangu. Nimechoka tu."

Shamso alimwongezea chai.

Qali alimkuta daktari ofisini, amelaza kichwa juu ya mikono. Alisimama mlangoni mpaka alipoinuka mwenyewe.

"Mzee wa sistini," Qali alisema. "Nilimwambia nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya mchana."

Alikuwa amejitayarisha kwa makaripio, na labda angeyapenda. Daktari hakuwa na nguvu ya kukaripia. Alifuta miwani kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena.

"Figo ya kushoto nadhani ilishakufa zamani," alisema. "Nilivyoipapasa, ndivyo ninavyodhani. Anaishi kwa moja. Hiyo moja ikizibwa, sina cha kumfanyia hapa, na barabara ya Nairobi unaijua. Lori la maji linakwenda kijijini alasiri. Panda. Hakikisha umerudi kabla jua halijazama, kafyu isikukute nje." Kisha, alipokuwa ameshageuka kuondoka, akamwita tena. "Chukua chombo cha mkojo stoo. Kile cha bati chenye kifuniko."

Lori lilimshusha langoni alasiri ikielekea kuisha. Askari wa zamu alifunua kile chombo, akachungulia ndani, akamtazama Qali, akakifunika upesi bila kuuliza. Vibanda vilikuwa vimebanana, mikeka juu ya fito, moshi umelala katikati. Hata watoto waliokuwa na nafasi ya kukimbia hawakuwa wakikimbia. Mbuzi waliorudishwa mapema walisimama ndani ya zizi wakilamba miti.

Kulow alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kibanda chake, tasbihi mkononi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ndani ya wiki hizo mashavu yalikuwa yameingia, na ngozi ya mkono wake, Qali alipoushika kumsalimu, ilibaki imeinuka pale vidole vilipoifinya. Kando yake, mlangoni, lilikaa lile debe, limejaa hadi ukingoni.

"Umekuja kutukagua, adeer," alisema kwa furaha. "Saynab! Mwekee mgeni mkeka. Mpe maji, yako mengi."

"Nionyeshe mfano wewe kwanza, adeer," Qali alisema. "Nimesikia hunywi."

"Nimekunywa asubuhi."

"Na sasa?"

"Sasa alasiri imepita." Alizungusha tasbihi. "Mwili wa mtu wa ngamia umezoea kiu. Tulikuwa tukifika kisimani, wanyama wanakunywa kwanza mpaka wa mwisho, ndipo mtu anakumbuka kwamba na yeye ana koo. Hatukufa."

"Mlikuwa mkinywa maziwa usiku."

Ndani ya kibanda Arbia alikuwa akimwimbia mtoto, na kila pumzi yake ilisikika kupitia mkeka, kama vile hakuna ukuta. Qali aliusikia huo wembamba wa ukuta, akaelewa zaidi ya alivyoelezwa na Saynab.

Aliweka kile chombo mchangani kati yao. Mzee alikitazama mara moja, akageuza uso upande wa zizi.

"Hicho nakijua," alisema polepole. "Cha hospitali."

"Ndiyo."

"Mimi naswali humu ndani."

"Kina kifuniko, adeer. Kitakaa miguuni, karibu na mlango. Na mgonjwa ana udhuru wake, wewe ndiye uliyenifundisha hayo."

"Najua." Vidole vilikuwa vimesimama juu ya shanga moja. Alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ya chini hata Qali akalazimika kusogea. "Kina mlio, adeer. Bati lina mlio. Binti yangu yuko pale."

Qali alihisi uso wake ukiwaka moto. Angeweza kuinuka hata sasa. Angesema, basi adeer, jitahidi, Mungu atakuponya, na mzee angemshukuru, na wote wawili wangebaki na heshima yao mpaka siku ya mazishi. Langoni dereva alipiga honi akimharakisha.

Hakuinuka. Alifunua kile chombo, akachota mchanga kwa viganja viwili, mchanga mkavu laini wa pale mlangoni, akaumimina ndani. Akachota tena, mpaka ukafunika chini kote. Kisha akachukua kikombe, akachota maji debeni, akayamimina ndani ya chombo kutoka juu, polepole, mbele ya macho yake. Mchanga uliyanywa bila sauti.

Kulow alitazama. Midomo yake iliyopasuka ilitikisika kidogo, isijulikane kama ni kicheko.

"Nani alikufundisha hivyo? Wazungu?"

"Hakuna aliyenifundisha." Alijaza kikombe tena, safari hii akamshikisha mzee mkononi, na mikono yake mwenyewe akaiacha juu ya mkono wa mzee, ili asikiweke chini. Honi ililia mara ya pili, na wimbo ndani ya kibanda ulikuwa umekoma, kwa hiyo Arbia alikuwa akisikiliza, na Saynab pia, na labda majirani wa pande zote mbili. Qali akainua uso akamtazama adeer yake machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ambayo hakuna ukuta wa mkeka ungeizuia:

"Ni mkojo, adeer. Baba alikufa kwa mkojo uliofunga, na wewe una figo moja tu. Unywe maji usiku, uamke ukojoe humu, unywe tena, ukojoe tena, na atakayesikia na asikie. Asubuhi eddo atamwaga, na siku nikija nitamwaga mimi kwa mikono yangu. Sikukuambia siku ile kwa sababu nilikuonea haya. Sitaki ufe. Hilo ndilo nililotaka kusema."